Taa ya Kulaza

Ijumaa, tarehe kumi na moja Aprili. Asubuhi kulikuwa na jua zuri mpaka saa nne, kisha mawingu yakashuka kutoka upande wa Nyamira. Saa saba na nusu mvua ikaanguka pamoja na mawe madogo madogo yaliyopiga mabati kama mahindi yanayomwagwa. Ilikatika kabla ya saa kumi.

Sijui kama nitaweza kuyaeleza mambo ya wiki hii sawasawa. Shule niliachia kidato cha pili, na habari za mwanga ni za fizikia, nayo fizikia ilinishinda mapema. Lakini nimeyaona kwa macho yangu, na nisipoyaandika leo najijua, kesho nitaanza kujipa sifa za mtu mwingine.

Gereji yetu iko karibu na soko la Daraja Mbili. Ni ya watu wawili, mimi na mwenzangu. Yeye ni fundi wa kupuliza rangi na ndiye aliyesomea kazi. Mimi nilianza na ndoo na mpira wa maji. Injini hatugusi. Tunaosha magari na kuyapitishia mashine ya kung'arisha, tukiondoa mikwaruzo iliyo kwenye vanishi, ile ngozi ya juu inayoifunika rangi. Magari ya huku yamejaa mikwaruzo hiyo kwa sababu yanaoshwa kando ya mto kwa fulana kuukuu ambayo imeshaanguka mchangani mara tatu. Mwenye gari anaosha kwa mapenzi yote, mkono unazunguka, unazunguka, na kila mzunguko unaacha alama. Gari likisimama juani, alama hizo zinaonekana kama nyuzi nyembamba zilizolizunguka jua lenyewe. Sisi tunaziita buibui.

Mtu wa tatu gerejini ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Alizaliwa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni, na tangu akiwa msichana alikuwa akisugua vinyago. Kule wanaume wanachonga, wanawake wanakaa na beseni la maji na msasa, wanasugua mpaka jiwe linakuwa laini kama shavu. Alipokuja kwetu alikuja kuosha magari tu. Siku moja mwenzangu hayupo, mimi nimechoka, akaishika mashine. Sikumfundisha. Aliiegemeza kwenye boneti kana kwamba amezaliwa nayo. Tangu siku hiyo kazi ya kung'arisha ikawa yake, na mwenzangu alikubali, ingawa hakuwahi kusema amekubali.

Sasa niseme kosa, na niseme ni la nani.

Mwezi uliopita nilinunua taa. Nilitaka gereji yetu iwe na mwanga kuliko zote mjini. Nikafunga taa nne kubwa darini, zile nyeupe za kumulika uwanja, na kuta nikazipaka rangi nyeupe inayong'aa mpaka wateja wakauliza kama tumefungua zahanati. Nilijiona nimefanya jambo. Ukiwasha, hakuna kivuli popote, hata chini ya gari. Nikadhani mahali pasipo na kivuli hakuna kinachoweza kujificha.

Alhamisi ya wiki jana shemeji alimaliza gari jeusi la mwalimu mmoja mstaafu wa Ekerenyo, mama aliyenifundisha darasa la sita. Chini ya taa zangu lilikuwa kioo kitupu. Shemeji akasema, "Shemeji, tulitoe nje kidogo nilione."

Nje kulikuwa na mvua. Nikamwambia, "Nje kuna nini? Taa hizi zinatosha."

"Mvua itakatika."

"Zinatosha, shemeji."

Akaliacha. Mwalimu akalichukua Ijumaa asubuhi chini ya manyunyu. Jumamosi akaenda nalo kanisani, kwa Waadventista wenzake, na siku hiyo jua likatoka kama lililotumwa. Watu walipotoka ibadani wakalikuta gari limejaa buibui kutoka boneti hadi buti, na juu ya buibui kuna mawingu ya mashine, ile mistari mipana inayotembea ukitembea. Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu alivyotusimulia, alimwuliza kama ameliosha kwa majani ya ndizi.

Jumatatu saa mbili alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alinipa funguo na kusema, "Nimewarudishia. Ijumaa, kabla jua halijazama, nataka gari yangu. Nikiipeleka kanisani tena hivi, mimi sitawajua na nyinyi hamtanijua."

Alipoondoka mwenzangu akanivuta kando. "Huyu mama wa Tabaka arudi kwa maji. Nilisema mapema. Gari si kinyago cha kiboko."

"Tungoje Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa ikiwa mbaya, mashine naichukua mimi. Na yeye akitaka kukaa, akae na ndoo."

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia kwamba shemeji alitaka kulitoa gari nje na mimi ndiye niliyekataa. Sikumwambia.  Nisimsingizie mwenzangu, hakuwa na chuki. Alisema kutokana na alichokijua, na alichokosa kujua nilikuwa nacho mimi.

Shemeji alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pipa la maji. Akaja akikausha mikono kwenye leso. "Shemeji, kuosha si aibu. Nimeosha mawe tangu sijaota meno ya pili. Lakini mashine nimeizoea. Mkininyang'anya, ninyang'anyeni kwa kosa langu, si kwa kosa la balbu."

"Nitamwambia," nikasema.

"Lini?"

Nikaanza kukunja mpira wa maji. Akacheka kidogo, kicheko cha shemeji anayekujua, akaenda kwenye swichi na kuzima taa zangu zote nne.

Ilikuwa bado asubuhi lakini mawingu yalikuwa yamefunga, kwa hiyo gereji ikawa giza la jikoni. Akatoa simu yake, akawasha tochi, akachuchumaa kando ya mlango wa gari. Hakumulika kwa kuelekeza tochi mbele kama mimi ningefanya. Aliunyoosha mkono mbali, chini, karibu na kizingiti cha mlango, mwanga ukawa unatambaa juu ya rangi kama maji yanayopita kwenye sakafu. Naye akaliweka shavu karibu na chuma upande wa pili.

"Njoo," akasema. "Kaa hapa. Kichwa kisitembee. Acha mwanga ndio utembee."

Nikakaa. Nikaona. Buibui wote walikuwepo, mmoja mmoja, na mawingu ya mashine yakiwa yamelala kama nyasi iliyokanyagwa. Vitu hivyo vilikuwa mbele ya pua yangu siku nzima ya Alhamisi.

"Taa zako zinamwaga mwanga kutoka kila upande," akanieleza. "Mkwaruzo ni mtaro mdogo. Ukiujaza mwanga pande zote unakuwa sawa na pale pengine. Tabaka tulikuwa tunakaa mlangoni, ndani giza, nje mchana, tunalaza mwanga juu ya jiwe. Wachongaji wanasema taa ya kulaza. Na jiwe hutazami likiwa limelowa, maji yanaficha. Hata hii dawa yenu ya kung'arisha ina mafuta. Yanajaa kwenye mikwaruzo, gari inapendeza leo, kesho mafuta yanakauka."

Akachukua kitambaa, akakilowesha spiriti, akapangusa sehemu ya boneti niliyoisifu kuliko zote. Mafuta yakatoka. Nikatamani niende nyumbani.

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Alikuwa na wazo lake: alishaona gereji moja Nairobi iliyojaa taa za umbo la masega ya nyuki dari nzima, na alitaka za namna hiyo. Kwa haki yake, taa hizo zina kazi. Mistari yake ikipinda juu ya mlango unajua hapo pamebonyea, nasi hapa mvua ya mawe inabonyeza paa kila msimu. Shemeji mwenyewe alimwambia hivyo. "Za masega ni nzuri kwa mabonyeo na kwa picha. Lakini zitawaficha buibui."

"Na wewe umesoma wapi habari za taa?" mwenzangu akauliza.

"Kwa beseni."

Jumanne nilikuwa mjini kununua vitambaa laini. Simu ikalia. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka, mtandao unakatika, na nasikia shemeji anapiga kelele, "Usirudi bila taa ya kulaza! Ya kulaza! Ndogo, balbu moja!"

Mimi nikasikia taa ya kulala. Najaribu kujitetea kwamba ni mvua, lakini ukweli ni kwamba siku moja tu kabla alikuwa amenitajia neno hilo, nami nilikuwa nimeliacha lipite. Nikaingia duka la vifaa vya umeme la familia moja ya Kihindi, wamekuwa pale tangu mimi sijazaliwa. Mama mwenye duka akanitazama juu ya miwani.

"Taa ya kulala? Ya mtoto ama ya mkubwa?"

Nikafikiri. "Ya mkubwa. Ni ya kazi."

"Kazi gani ya kulala?"

"Ya gereji, mama."

Akamtazama mumewe, mumewe akatazama dari. Akanipa taa ya kuweka kando ya kitanda, mguu wa shaba, kofia ya waridi yenye nyuzi nyuzi chini. Nikaifunga kwa gazeti nikarudi nikiwa na furaha ya mtu aliyekumbuka alichotumwa.

Shemeji alipoifungua alikaa chini. Alikaa kabisa, kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika tumbo. Mwenzangu akaja mbio akidhani kuna mtu ameumia. Alipoona nyuzi za waridi akasema, "Sasa gari zitalala hapa? Tuwaletee na blanketi?"

"Na maziwa ya moto," shemeji akasema, machozi yakimtoka. "Shemeji, wewe! Kulaza! Mimi nataka kulaza mwanga, si kulala mimi!"

Nilicheka pia, kwa kuchelewa. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo wao wawili kucheka kitu kimoja, hata kama kitu hicho kilikuwa mimi.

Lakini shemeji ni mtu asiyetupa kitu. Alivua ile kofia, akabaki na balbu tupu, ndogo, ya manjano. Akazima taa za juu, akaipeleka kwenye gari jeupe la mwenzangu lililokuwa limeegeshwa ndani kukwepa mvua. Mwenzangu hulisifu gari lile kwamba halina hata mkwaruzo mmoja, na hata mimi kwa taa zangu sikuwahi kuona. Shemeji akaishusha balbu kando ya boneti. Rangi nyeupe chini ya mwanga mweupe ilikuwa maziwa juu ya maziwa. Chini ya mwanga wa manjano, buibui wakajitokeza wote, wamekaa duara kuzunguka balbu.

 Mwenzangu akainama, akapitisha kidole, akanyooka, akainama tena.

"Kumbe," akasema.

Kwenye gari jeusi la mwalimu taa hiyo haikusaidia sana. Lazima niandike hivyo, nisije nikajitengenezea ushindi kutokana na ujinga. Gari jeusi lilitaka mwanga mweupe, wenye nguvu, lakini wa nukta moja, unaoshikika mkononi.

Aliyeileta taa hiyo ni mwenzangu. Jumatano asubuhi alichelewa, tukadhani amekasirika. Kumbe alikuwa amepanda kwao Nyamache kutafuta kwenye sanduku taa ya mkononi aliyokuwa akiitumia zamani akipuliza rangi, yenye balbu moja kali na ndoano ya kuning'iniza. Aliiweka kwenye benchi bila salamu. "Ina chaji," akasema. Kisha akachukua rangi ya kijivu iliyobaki kwenye kazi zake, ile isiyong'aa, akaupaka ukuta mmoja, kutoka chini hadi usawa wa bega, ili usiturudishie mwanga kwenye gari. Weupe wangu wa zahanati ukaliwa polepole. Nilisimama na brashi ya pili, nikamsaidia kuufuta.

Jumatano na Alhamisi shemeji alilifanya gari la mwalimu upya. Nimemtazama mtu huyu akifanya kazi kwa miaka miwili, na nadhani wiki hii ndiyo nimemwona. Anafanya sehemu ndogo, upana wa viganja viwili. Anapiga mashine, anapangusa kwa spiriti, anazima taa za juu, analaza mwanga. Kwanza kutoka kushoto, halafu kutoka kulia, halafu kutoka juu ukiteremka, kwa sababu mkwaruzo unaolala sambamba na mwanga hauonekani. Akipata kitu anafumba macho na kupitisha ukucha. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo uko juu, utatoka. Ukikwama, anatikisa kichwa na kusogea. Haharakishi, lakini hapotezi hata dakika. Alhamisi jioni niliona nimesimama nusu saa nimeshika mpira wa maji uliofungwa.

Kwenye mlango wa kushoto ukucha ulikwama. Mstari mmoja, urefu wa kalamu. Alimwita mwenzangu, si mimi, na alifanya vizuri. Mwenzangu akachuchumaa naye, vichwa viwili kando ya mwanga mmoja.

"Huu uliwahi kupulizwa," akasema. "Vanishi hapa ni nyembamba. Ukiongeza kusugua, unatoboa."

"Basi nauacha."

"Mwalimu atauona."

"Auone. Nikiutoa nitamwachia doa badala ya mstari."

Mwenzangu akapitisha ukucha wake mwenyewe. Kisha, "Hapo umesema kweli."

Nilidhani yameisha, na nikafurahi kwa sababu sitahitaji kusema lolote. Huo ndio moyo wangu, nauandika ulivyo.

Leo mwalimu alifika saa kumi na moja na dakika chache, viatu mkononi kwa sababu ya matope, amevaa malapa. Mvua ilikuwa imekatika na jua la kuosha macho lilikuwa linatoka upande wa chini, limelala. Tukalisukuma gari nje. Mwalimu alivaa viatu vyake kwanza, kana kwamba anaingia darasani, kisha akaanza kuzunguka. Boneti. Paa. Buti. Alikuwa anainama na kuinuka. Hakuna buibui. Niliona sura yake yeye mwenyewe, nyeusi na safi, ikitembea ndani ya mlango wa gari.

Akafika kushoto. Akasimama.

"Na huu?"

Shemeji akasogea. "Huo nimeuacha, mwalimu. Umeingia ndani. Vanishi hapo ni nyembamba, nikiendelea nitafika kwenye rangi. Nimeona bora nikwambie."

Mwalimu aliutazama mstari muda mrefu. "Na wiki jana haya hamkuyaona? Nani alisema gari iko tayari?"

Mwenzangu alimtazama shemeji. Si kwa ubaya, alimtazama tu, kwa sababu alijua ndiye aliyekuwa na mashine. Shemeji hakunitazama. Kama angenitazama ingekuwa rahisi zaidi.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Yeye alitaka kuitoa nje aione. Nikamkataza."

"Kwa nini?"

"Mvua. Na nilikuwa nimenunua taa."

"Hata darasa la sita ulikuwa unaleta daftari kabla ya kumaliza hesabu," akasema mwalimu. "Halafu unasimama hapo unatabasamu."

Nilikuwa natabasamu, kwa kweli. Nikaacha.

Mwenzangu akanigeukia. "Jumatatu ulijua?"

"Nilijua."

"Nikasema vile juu ya mama wa watu, na wewe umesimama hapo."

"Niliona aibu."

Alitema mate kando, akatazama barabara, akatazama mikono yake. Kisha akaenda ndani, akaiondoa mashine kwenye rafu ya vifaa vyetu, akaisogeza kwenye benchi la shemeji, na waya wake akauzungusha vizuri. Hakumwomba radhi kwa maneno. Alisema, "Hiyo nyeupe yangu utaitazama lini?"

"Jumatatu," shemeji akasema. "Sasa hivi Sabato inaniingilia, na sijapika."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Ukifika, panga foleni."

Mwalimu alicheka hapo, mara ya kwanza. Akachukua funguo kutoka mkononi mwa shemeji, si mwangu, akamwambia kwa Ekegusii, lugha yetu, amshukuru mama yake kule Tabaka. Akaendesha polepole sana, akikwepa madimbwi, na gari likabeba jua mgongoni hadi kona.

Mwenzangu hajaniaga leo. Nadhani ana haki. Njiani kurudi nilijiuliza kama ningesema iwapo mwalimu asingeuliza. Shemeji, ambaye ni Msabato kama mwalimu, alikuwa ameshatangulia, anakimbizana na jua ili apike na moto wake uzimwe kabla Sabato haijaingia.

Nyumbani kwangu, kwa kuwa sisi ni Wakatoliki na ni Ijumaa ya Kwaresima, hakukuwa na nyama. Tulikula ugali wa wimbi, omena iliyokaangwa kwa nyanya, na chinsaga, mboga ya mgagani, iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu wake ukapungua. Watoto waligawana parachichi moja.